Shangazi, dada niliyekimbia naye miaka tisa sasa anatoka bila mimi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 48, watoto wangu wawili wameshakuwa wakubwa, na mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Sisemi mkimbiaji kwa maana ya kutoka jioni kunyoosha miguu. Nakimbia kilomita 70 hadi 80 kwa wiki, nina marathoni saba miguuni, na nikisimama kwenye mstari wa kuanzia huwa naangaza macho kutafuta ni akina nani wa kundi langu la umri wamekuja. Nayasema haya mapema ili usije ukaniambia "si mbio tu hizo". Nyumbani nimeshaambiwa hivyo vya kutosha.

Kuna mtu nitakayemwita Dada, kwa sababu ndivyo ninavyomwita. Ana miaka 55. Yeye ndiye aliyenitia kwenye mchezo huu. Miaka tisa iliyopita nilikuwa natembea haraka haraka alfajiri nipunguze mwili, naye alikuwa ananipita kila siku. Siku moja akapunguza mwendo, akaniuliza, "Utatembea mpaka lini?" Nikajaribu kumfuata. Nilifika kama mita mia tatu, nikashika kiuno. Kesho yake akanipita tena, akapunguza tena.

Wakati ule yeye alikuwa na marathoni ya saa 3 na dakika 19, na mimi kilomita 10 sikuzimaliza bila kutembea. Hakuniacha. Alikuwa anatangulia, akifika mbali anageuza, ananirudia, tunakwenda pamoja kidogo, kisha anatangulia tena. Siku nikikimbia kilomita 10, yeye anarudi nyumbani na 14. Sikumsikia akilalamika hata mara moja.

Tangu hapo tukawa watu wa saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku nne kwa wiki, pamoja na ile ndefu ya Jumamosi. Mama yangu alipofariki nililia barabarani tukiwa tunakimbia. Yeye naye ameniambia mambo ya ndoa yake ambayo naamini hajamwambia mwingine. Mkikimbia hamtazamani usoni, labda ndiyo maana maneno yanatoka.

Sasa Shangazi, kwa miaka miwili hivi Dada amepungua kasi. Mwendo wetu wa taratibu ulikuwa dakika 5 na sekunde 40 kwa kilomita. Siku hizi ni 6 na 15, siku nyingine zaidi. Mwaka jana tulikimbia marathoni moja: mimi saa 3 na dakika 24, muda wangu bora kuliko wote, yeye saa 3 na dakika 38. Mimi bado napanda. Najua ni ajabu kwa umri huu, lakini nilianza nikiwa na miaka 39, nadhani mwili wangu bado haujaambiwa.

Miezi mitano iliyopita nilijiunga na kundi linalofanya mazoezi ya kasi uwanjani jioni, Jumanne na Alhamisi. Wengi wao ni vijana wa miaka thelathini na kitu. Kocha wao ananiambia naweza kukimbia saa 3 na dakika 15. Anasema pia kwamba kilomita ninazokimbia alfajiri na Dada ni kilomita za bure, hazinijengi chochote.

Dada sikumwambia. Mwanzoni nilisema nitamwambia nikiona kundi linanifaa. Kisha wiki zikapita, na jambo ambalo hukulisema siku ya kwanza linazidi kuwa zito siku ya ishirini. Jumatano na Ijumaa nilikuwa nafika alfajiri miguu ikiwa imekufa, lakini kwa mwendo wake bado naweza kuongea bila kukatika. Basi nikajifunza kuhema. Nilikuwa nahema kwa nguvu kwenye kilima ili aone na mimi nimechoka.

Saa yangu ya mkononi hupeleka mazoezi yenyewe kwenye programu ya simu ambako tunaonana. Ya jioni nilikuwa nayaficha. Alhamisi moja nikasahau. Yakatoka yote: mita 1,000 mara sita, kila moja chini ya dakika 4 na sekunde 15, na majina ya wenzangu wanane chini yake. Ijumaa alfajiri Dada alikuja kama kawaida. Tulikwenda kama kilomita mbili kimya. Kisha akasema, "Hongera kwa jana. Ulikimbia vizuri." Nikamjibu, "Asante Dada, ilikuwa mara moja tu."

Jumamosi nilifika saa kumi na moja na nusu, sikumkuta. Nikaanza peke yangu, nikakutana naye njiani akiwa anarudi. Alikuwa ametoka saa kumi na moja kamili. Akainua mkono, akatabasamu, akapita. Sasa ni wiki ya tatu, kila siku ni hivyo hivyo. Ujumbe ananijibu, watoto ananiulizia. Mbio hazitaji.

Na kuna ahadi. Miaka minne iliyopita, tumekaa chini baada ya mbio tumejifunika taulo, tulikubaliana kwamba mwaka atakaotimiza miaka 55 tutakimbia marathoni bega kwa bega, hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na tutavuka mstari tumeshikana mikono. Mbio hizo ziko wiki tisa kutoka leo. Yeye ndiye aliyetujazia fomu sote wawili.

Nikitimiza ahadi, nitakimbia kama saa 3 na dakika 40, na ile saa 3 na dakika 15 naizika. Kwa miaka 48, nafasi kama hii itanirudia mara ngapi? Nikikimbia kivyangu, nimemwacha mtu ambaye hakuniacha hata nilipokuwa natembea. Mume wangu anasema nichague moja ili watu walale. Kuna na kisigino cha kushoto, kinauma asubuhi nikikanyaga chini, kikipata moto kinaacha. Siku za mazoezi ya kasi nameza kidonge cha maumivu kwanza. Lakini hilo si swali langu, nimelitaja tu.

Swali langu ni hili: nipoteze mbio, au nimpoteze mtu?

Wa Saa Kumi na Moja na Nusu


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni ya mkimbiaji anayetaka kujua akimbie kwa kasi gani. Mara ya pili nilikwama pale uliposema umejifunza kuhema. Nimewahi kupokea barua za watu wanaoficha pesa, ujauzito, hata nyumba nzima. Aliyeficha pumzi sijawahi kumpata mpaka leo.

Nikikuelewa sawasawa, unaona uko kwenye njia panda: upande mmoja muda ambao huenda usiupate tena, upande wa pili mwanamke aliyekutoa kwenye kutembea akakufikisha ulipo. Na unaona Dada ameshachagua kwa niaba yako kwa kutoka nusu saa mapema. Sitakuambia "si mbio tu hizo". Aliyeamka gizani kwa miaka tisa anajua anachokitaka. Ila kuna mahali kwenye hesabu yako ambapo nimekwama.

Mwaka jana ulimtangulia Dada kwa dakika 14. Haikuwa siri. Saa kubwa ya kumalizia ilionyesha, matokeo yaliandikwa, kila mtu aliona. Baada ya hapo mliendelea kukimbia pamoja saa kumi na moja na nusu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama kumzidi ndiko kulikomuumiza, angeanza kutoka mapema tangu mwaka jana. Hakufanya hivyo. Amefanya wiki tatu zilizopita. Kati ya mwaka jana na wiki tatu zilizopita kimebadilika nini? Kasi yako ilishakuwa juu ya yake. Kilichokuja kati ni miezi mitano ya jioni zilizofichwa, na maneno manne: "ilikuwa mara moja tu."

Huenda nimekosea. Dada ndiye anayejua, na hajasema. Lakini fikiria hili. Mtu aliyekimbia ubavuni mwako miaka tisa anaijua pumzi yako kuliko daktari wako. Anajua unahema vipi kwenye kilima kile ukiwa umechoka kweli, na unahema vipi ukiwa mzima. Sishangai kama alikuwa akikusikia ukiigiza na kukuachia, akingoja useme mwenyewe. Ile "hongera" inawezekana ilikuwa mlango aliokufungulia. Wewe ukaupita.

Nakuuliza tu, sikulaumu. Ulificha kwa sababu uliogopa kumuumiza, na hilo naliamini. Lakini kumwamulia mtu mzima wa miaka 55 kwamba hawezi kuvumilia habari njema za mtu aliyemlea mwenyewe barabarani, nako kuna uzito wake. Ulimhurumia kabla hajaomba.

Tuje kwenye hiyo nusu saa. Umeisoma kama adhabu. Yawezekana. Yawezekana pia amekupisha: ameona una kundi lako, una miguu iliyochoshwa na uwanja, akaamua asikuburute. Watu wa kizazi chake wengi hawajui kusema "nimekuachia nafasi", wanatoka mapema tu. Na iko sababu nyingine ambayo haimo kwenye barua, na haikuhusu wewe wala mbio zako. Wanawake wengi hukoma hedhi karibu na miaka 51, na kabla na baada ya hapo usingizi huvurugika: joto la ghafla usiku, shuka limelowa, macho wazi saa tisa. Mwenye hali hiyo akiona hakulaliki tena, anavaa viatu. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu kwenye barua ndefu kama hii umetumia sentensi chache kueleza kwamba amepungua kasi, kisha ukapita. Unalichukulia kama umri tu. Lakini umri, mwanangu, huwa unanyofoa kidogo kidogo. Uwezo wa mwili kutumia hewa hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa asiyefanya mazoezi, na taratibu zaidi kwa anayeendelea kujifua. Mapigo ya juu ya moyo hupungua, misuli hupungua, kupona baada ya kazi ngumu huchukua siku zaidi. Hayo yote ni kweli. Ila sekunde 35 kwa kilomita kwenye mwendo wa taratibu, ndani ya miaka miwili, kwa mtu ambaye hajaacha mazoezi, ni nyingi. Mariko Yugeta wa Japani alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 13 mwaka 2021, akiwa na miaka 62. Joan Benoit Samuelson, aliyeshinda marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki mwaka 1984, alikimbia saa 2, dakika 49 na sekunde 8 mwaka 2008 akiwa na miaka 50. Siwataji ili Dada alinganishwe nao, hao ni watu wa aina yao. Nawataja kwa sababu "ana miaka 55" peke yake haitoshi kuwa maelezo.

Damu ikipungukiwa na madini ya chuma, mkimbiaji huwa mzito bila kujua kwa nini. Tezi ya shingo ikilegea, hivyo hivyo. Kukosa usingizi, kula kidogo kuliko kazi anayofanya, huzuni, hata moyo wenyewe. Mimi si daktari na sitaki kumpa ugonjwa mtu ambaye sijamwona. Nauliza tu: kwa miaka miwili hii, kuna siku ulimuuliza, "Dada, mwili wako unakwendaje?" Au wote wawili mlikuwa mnaigiza kwenye kilima kile kile, wewe ukijifanya umechoka, yeye akijifanya hajachoka?

Sasa kocha. Nitamgusa kidogo, ingawa yeye ana saa ya kupimia na mimi nina magoti yaliyostaafu. Anasema kilomita za Dada ni za bure. Hapo simfuati. Wakimbiaji wa mbio ndefu walio wengi, hata wa juu kabisa, hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao taratibu, mwendo wa kuongea, na sehemu ndogo tu kwa kasi. Taratibu ndiko moyo na mishipa midogo ya damu vinakojengwa, na ndiko mwili unakopata nafasi ya kupona kabla ya kazi ngumu inayofuata. Kwa mtu wa saa 3 na dakika 24, dakika 6 na kidogo kwa kilomita siku inayofuata baada ya mita 1,000 mara sita, miguu ikiwa imekufa kama unavyosema, ni mwendo unaokubalika kabisa. Inawezekana umepanda miezi hii mitano kwa sababu ya uwanja. Inawezekana pia umeweza kuubeba uwanja kwa sababu Jumatano na Ijumaa kulikuwa na mtu anayekuzuia usikimbie haraka.

Lakini angalizo: usimrudie Dada kwa hoja hiyo. Ukimwendea kumwambia "nimegundua mwendo wako unanifaa kwa mapumziko", afadhali usingeenda.

Ahadi ndiyo inayokukosesha usingizi, kwa hiyo tuigeuze pande zote. Umeandika kana kwamba saa 3 na dakika 15 iko mezani, na wewe unaombwa uitoe. Bado haipo. Kutoka saa 3 na dakika 24 kufika 3 na 15 ni kushuka kutoka dakika 4 na sekunde 50 kwa kilomita hadi 4 na 37, kwa kilomita 42.195, na kisigino hicho. Huenda ukaweza. Huenda pia ukafika kilomita ya 32 miguu ikakataa, na hapo utakuwa umeweka rehani kitu ulicho nacho kwa kitu ambacho hukuwa nacho. Uliingize hilo kwenye mizani.

Ukiamua kukimbia na Dada, hatari zake ni mbili na moja haijaonekana kwako. Ya kwanza unaijua: unaweza kufika kilomita ya 25 ukiwa na kinyongo, na kinyongo kwenye marathoni hakifichiki kama pumzi. Ya pili ni yake. Mwenye kasi akikimbia na asiye na kasi, mara nyingi humvuta bila kukusudia. Kilomita kumi za kwanza zinaonekana rahisi, mnazungumza, mnacheka, kumbe yule mwingine anatumia akiba yake. Unaweza kumharibia mbio kwa upendo kabisa.

Na tena, umeangalia kundi lake? Mbio nyingi hupanga wakimbiaji wa umri wetu kwa miaka mitano mitano: 45 hadi 49, 50 hadi 54, 55 hadi 59. Wewe una 48, uko mwishoni mwa kundi lako, unashindana na wa miaka 45. Dada ametimiza 55. Mwaka huu yeye ndiye mtoto wa kundi lake. Kwa mkimbiaji mshindani mwaka huo huwa unasubiriwa kwa hamu, na mtu aliyechagua mwaka wa 55 kwa ajili ya ahadi, na akajaza fomu kwa mkono wake, nadhani alijua kuhesabu. Pengine ana mbio zake mwenyewe za kukimbia siku hiyo. Unajiuliza kama utamwacha, na hujajiuliza kama anataka kusindikizwa.

Zipo pia jedwali zinazopima muda wa mtu kwa umri wake, zinatoa asilimia. Mkipata nafasi, wekeni ile 3:24 yako na ile 3:38 yake, kila moja na miaka yake. Usishangae mkikuta mko karibu kuliko saa ilivyoonyesha, au yeye yuko juu.

Wako watakaokuambia mkimbie pamoja nusu ya kwanza, kisha uondoke. Fanya hesabu kabla ya kuipenda. Mkifika nusu kwa saa 1 na dakika 50, itakubidi umalize nusu ya pili kwa saa 1 na dakika 25 ili upate 3:15 yako. Hutaweza. Utakuwa umevunja ahadi na muda kwa pamoja, na utakuwa umemwacha katikati ya barabara, mahali pabaya zaidi pa kuachwa.

Njia nyingine ni mbio mbili: hizi ziwe za mmoja wenu, nyingine ya baadaye iwe ya mikono kushikana. Hii inaonekana ya busara na huenda ni ya busara, ila kwa miaka yenu "ya baadaye" si neno jepesi, na Dada anaweza kuisikia kama kuahirishwa. Au ukimbie kivyako, umalize, uchukue maji, umngojee baada ya mstari. Usijaribu kurudi kwenye njia kumfuata ukishamaliza, mbio nyingi haziruhusu na utamtia matatani. Kumngojea tu. Kwa wengine hilo linatosha, kwa wengine linawakumbusha kwamba wamengojewa. Dada ni yupi kati ya hao, wewe unamjua.

Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwezi Oktoba 2019, wakimbiaji 41 walipokezana kumshikia kasi. Kila mmoja alijua yuko pale kwa ajili ya nani, alijua aingie lini na atoke lini, na walipofika mwisho walirudi nyuma wakamwachia barabara huku wanashangilia. Hakuna aliyeonekana ameachwa, kwa sababu waliyaongea kabla. Ninyi wawili mlikuwa na makubaliano ya miaka minne iliyopita, ya watu wawili wenye miili ya miaka minne iliyopita. Ahadi ile ina wenyewe wawili. Wewe peke yako huwezi kuivunja, na sidhani unaweza kuitimiza peke yako pia, ukiwa umejitoa sadaka kimya kimya halafu Dada aje ajue mwaka ujao.

Kwa hiyo kabla ya swali la marathoni naona kuna mazungumzo, na yanaweza kwenda vibaya. Ukianza na marathoni, atasikia unaomba ruhusa. Ukianza na yale maneno ya Ijumaa, kwamba haikuwa mara moja, ilikuwa miezi mitano, na kwamba ulikuwa unahema uongo, utaona aibu, na yeye anaweza kunyamaza kilomita nzima. Muache anyamaze. Anaweza kucheka. Anaweza kukuambia "nilijua". Anaweza kusema "nenda tu, kimbia", na hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu kuna "nenda tu" ya mtu aliyefurahi na "nenda tu" ya mtu aliyechoka kudai. Wewe umemsikiliza miaka tisa bila kumtazama usoni, utazitofautisha.

Mkutane wapi? Si kwenye ujumbe wa simu. Na kumwamkia mlangoni saa kumi na moja kamili kunaweza kuonekana kama kumvizia. Mimi naendelea kuiwaza ile picha yenu ya kila siku: yeye anarudi, wewe ndiyo kwanza unaanza, mnapishana, mkono juu. Mwaka ule wa kwanza, mlipokuwa mnapishana namna hiyo, kulikuwa na mtu aliyekuwa anageuza. Ukigeuza utaharibu mpango wa kilomita zako siku hiyo. Na anaweza kukuambia leo hajisikii kuongea, basi mtakimbia kimya mpaka kwake.

Nimalizie na lile ulilosema si swali. Kisigino kinachouma hatua za kwanza asubuhi na kutulia kikipata moto mara nyingi kinakuambia kwamba mzigo umeongezeka kuliko kinavyoweza kujijenga, na umeongeza siku mbili za kasi kwa wiki katika umri ambao kano hupona polepole. Kidonge hakipunguzi mzigo huo, kinanyamazisha anayekuonya. Na dawa nyingi za maumivu ukizimeza kabla ya kukimbia kwa nguvu, mwili ukiwa umepungukiwa maji, zinaweza kuumiza figo na tumbo. Kwenye mambo ya Dada nimekuachia uamue. Hapa sikuachii: vidonge kabla ya mazoezi acha, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia wiki hii, si baada ya mbio. Wengi wao hawatakuambia ulale kitandani, watapunguza kasi na kukupa mazoezi ya kuinua kisigino yanayochosha kwelikweli. Akitokea mtu wa kukuahidi sindano ya haraka kwenye kisigino hicho, muulize kwanza kuhusu hatari ya kano kukatika.

Uniandikie kisigino kilisemaje. Mimi hicho ndicho kilichonikosesha usingizi, Dada angalau najua yuko macho saa hizo.

Wako,
Shangazi